Punje Tupu na Mtu wa Pangani

Barabara ya 12, Ngamiani, Tanga
20 Oktoba 2024

Mwanangu Afra,

Assalaamu alaykum warahmatullah. Salamu hizi zimetoka mkono wa kulia wa shangazi yako, na kalamu imetoka mfuko wa kanzu ya baba yako bila yeye kujua. Sisi hatujambo. Machungwa ya Muheza yamejaa mjini mpaka mbuzi wa jirani wanayanusa na kupita. Kaimati zangu zinakwenda, wateja wanazinunua zikitoka tu kwenye mafuta na shira, alhamdulillahi. Baba yako anatengeneza saa zake kibandani, anaadhini msikitini kama kawaida, na bado anagombana na Mohsin wa baiskeli juu ya kivuli: kibanda cha nani kinampa mwenziwe kivuli bure. Mwaka wa kumi na moja huu, na jua halijatoa hukumu.

Utasema, mbona barua na simu ipo? Simu ipo, lakini ipo wapi? Ile kubwa ni ya baba yako, na kila sauti unayomtumia huifungulia mlangoni pa kibanda, Mohsin asikie upande huu na muuza kahawa asikie upande ule. Na hicho kisimu changu cha tochi, mie nikikishika napiga kelele kwa sababu India ni mbali. Haya ninayokuandikia si ya kupigiwa kelele. Barua anaibeba mke wa Luqmani, anakuja huko na mumewe kutibiwa moyo, na nimeifunga kwa uzi mara tatu.

Mwanangu, ni habari ya mtu wa Pangani.

Unamjua. Tangu uko mdogo, baba yako akitaka kuuliza jambo la kifafa chake husema, "Kuna mtu mmoja wa Pangani, ana maradhi ya kuanguka..." Miaka thelathini huyu mtu anaumwa, hafi wala hapati jina. Hospitali baba yako hajakanyaga tangu mama yako alipofariki, Mungu amrehemu. Vidonge nakwenda kuchukua mie kila mwezi, vilevile vya siku zote, vitatu kwa siku: asubuhi, adhuhuri na usiku.

Sasa hicho cha adhuhuri ndicho kinachonikondesha. Ramadhani ikiingia anakiacha. Namwambia, "Kaka Masoud, mgonjwa ana ruhusa ya kula." Ananijibu, "Mgonjwa nani?" Ramadhani iliyopita alianguka jikoni, mkono ukaingia kwenye makaa. Watu akawaambia pasi ya kanzu. Pasi gani ina alama ya vidole vitano vya makaa? Kila mwaka namuomba Mungu Ramadhani ifike salama, na mwaka huu nimejikuta naomba ichelewe. Astaghfirullah.

Wewe unasomea dawa huko. Hakuna kidonge mtu akakimeza na daku, kikakaa tumboni kikitoa dawa kidogo kidogo mpaka magharibi?

Shangazi yako anayekuombea,
Zeyana


Hyderabadi
17 Novemba 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua imefika, na uzi wake nimeuhifadhi. Mimi sijambo. Chakula cha huku kina pilipili ambayo ukiila Jumatatu unaikumbuka Jumatano. Mke wa Luqmani nimemtembelea hospitali, anaendelea vizuri, na ameshawafundisha wauguzi wawili kusema "nipe chai".

Shangazi, nimeisoma barua yako mara mbili nikacheka na mara ya tatu nikalia, kwa sababu unachokiuliza ndicho ninachokifanya. Sikuwahi kukueleza kwa kuwa Profesa wangu hukieleza kwa maneno ambayo hata yeye huyasoma kwenye karatasi. Sikiliza kwa lugha ya jikoni kwako.

Dawa ya mtu wa Pangani haipendi maji. Ukiitia kwenye maji haiyeyuki, inakaa juu kama mgeni aliyekataa kuvua viatu. Kwa hiyo mwilini huingia kwa shida, na ikishaingia unalazimika kumeza nyingine baada ya saa chache. Sisi tunaichanganya na utomvu maalumu ndani ya kimiminika kinachoruka haraka kama spiriti. Ule uji tunaudondosha tone kwa tone kwenye maji yanayozungushwa kwa nguvu. Spiriti inaruka, matone yanakauka, zinabaki punje ndogo za mviringo, ndogo kuliko haradali, na dawa imefungwa ndani. Ni kaimati, Shangazi! Tofauti ni kwamba wewe unatia kwenye mafuta na mimi natia kwenye maji. Ukizimeza, utomvu unaiachia dawa polepole, saa hadi saa, kama mtu mwenye adabu anavyotoa habari mbaya.

Umeniuliza kama ipo. Nakujibu kwamba kazi inaendelea vizuri. Profesa ameridhika, na tumealikwa kuonyesha kwenye mkutano mkubwa michoro yetu ya jinsi dawa inavyotoka. Usimwambie Baba kwanza.

Nibusie mikono yake, hasa ule wenye alama.

Wako,
Afra


Ngamiani
9 Disemba 2024

Mwanangu Afra,

Alaykumus-salaam, na asante kwa habari za mgonjwa wetu. Hapa sote wazima isipokuwa jogoo, aliyekanyagwa na pikipiki, tukamla Ijumaa.

Nimefanya ulivyoniambia. Sikumwambia baba yako. Nilimwambia tu kwamba kuna jambo ambalo siwezi kumwambia, na ikawa kazi yake kulitoa. Mie nilistahimili tangu alasiri mpaka tumemaliza kunywa chai. Kwa hiyo sasa anajua.

Wallahi sijamwona na uso ule tangu ulipofaulu kidato cha sita. Alivua miwani yake ya kutengenezea saa, akasema, "Itatoka kidogo kidogo? Kama majira ya saa?" Nikamwambia kama majira ya saa. Akafuta macho, akasema ni vumbi.

Lakini kesho yake, baada ya swala ya alasiri, hakuweza kutulia. Akamuuliza Maalim Wael mbele ya watu: "Kuna mtu mmoja wa Pangani. Atameza dawa wakati wa daku, nayo itakuwa inatoka tumboni mchana kutwa. Je, saumu yake ni sahihi?"

Mwanangu, msikiti uligawanyika kama chungwa, na mie upande wa wanawake nasikia yote. Maalim Wael akasema kilichoingia kabla ya alfajiri kimeshaingia, kinachofanya huko ndani ni kati yake na tumbo. "Hata wali wa daku huyeyuka mchana," akasema, "je, na wali nao tuufungulie mashtaka?" Mohsin wa baiskeli akainua kidole. "Maalim, wali hauna akili. Hiyo dawa imetegwa kama saa. Ni sawa na mtu kuficha mkate mfukoni, akawa anamega." Baba yako akamaka: "Ameshaumeza mkate mzima, amege nini?" Mohsin akasema, "Bila shaka fundi saa lazima aitetee dawa yenye saa." Mzee mmoja aliyekuwa amesinzia akaamka akauliza kama dawa hiyo inafaa na kwa magoti.

Wakabishana mpaka adhana ya magharibi ikakaribia kukosa mtu wa kuadhini. Mwishowe wakapitisha kwamba saumu ni sahihi, ila mtu wa Pangani asijisifu.

Hakuna hata mmoja aliyeuliza jina la mtu wa Pangani. Nalo likanishangaza kidogo, kisha nikalisahau.

Ramadhani ni mwanzo wa Machi. Hebu nitumie hizo punje hata kidogo, nizione kwa macho yangu. Nimezoea kuamini nilichokiona kikielea.

Zeyana


Hyderabadi
5 Januari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Natumai jogoo mwingine amepatikana. Mimi nina mafua kidogo, si ya kukutia wasiwasi.

Nimecheka habari za msikitini mpaka mwenzangu wa chumbani akataka nimtafsirie. Nilishindwa pale kwenye magoti.

Kwetu huku kuna mambo madogo. Punje zangu zina tabia: nyingine zikiingia tu kwenye maji hutapika dawa yote saa ya kwanza, halafu saa zinazofuata zimenyamaza. Profesa anasema si tatizo. Amenishauri mchoro niuanzishe saa ya pili. Kweli, ukianzia saa ya pili unapendeza sana, mstari umenyooka kama safu ya swala. Ndio tulioupeleka kwenye mkutano, na Profesa akapigiwa makofi. Alipiga picha nao. Picha hiyo sasa imetundikwa mlangoni pa maabara, na mimi nimo, kiwiko changu kinaonekana.

Umetaka kuona. Luqmani na mkewe wanarudi wiki ijayo, moyo umetengemaa, nami nimempa chupa ndogo akuletee. Nimeibandika karatasi kwa Kiswahili ili asije akahangaishwa njiani. Ni punje tupu, Shangazi. Zitazame zilivyo nzuri. Zishike kwenye jua utaona zinang'aa.

Msiwe na haraka na Ramadhani. Nitaandika kwa kirefu mkutano wa pili ukipita.

Afra


Ngamiani
2 Februari 2025

Afra, mboni ya jicho langu,

Mungu akupe umri, akupe mume mcha Mungu, akupe na Profesa mwenye haya. Sisi wazima wa afya. Luqmani alifika na mkewe, amenenepa, anasema moyo wake sasa unadunda kwa Kihindi. Jogoo mpya yupo, mwoga.

Chupa imefika! Luqmani alipita kwanza kibandani, akampa baba yako mkononi. Nilipofika nimemkuta ameishika kwenye mwanga, miwani ya saa jichoni, anasoma karatasi yako kwa sauti ya chini kama mtu anayesoma dua: "Punje tupu." Akaniambia, "Zeyana, umeona alivyolelewa mtoto huyu? Hakuchanganya kitu. Duniani leo kila kitu kina unga ndani yake, asali ina sukari, samli ina mafuta ya mawese. Mwanangu kaandika wazi: punje tupu." Nikamwambia kama asali tupu. Akasema naam, kama asali tupu ya Handeni.

Karatasi haikusema zimezwe ngapi. Mie nilisema tukuulize, yeye akasema utakuwa umemwachia mwenye akili. Akapima kwa kibano chake cha saa. Kaona punje saba, kwa kuwa saba ni witri, haigawiki mbili mbili, na mbingu ni saba. Ijumaa, Shaabani mosi, akaanza kufunga sunna ili azizoee kabla ya Ramadhani yenyewe. Daku akameza punje saba na maji, akaniambia, "Vile vidonge vyako vipeleke kwa muuguzi Devota hospitali, akampe mwenye shida."

Mwanangu, siku tatu hizi anatembea kama kijana. Jana Mohsin kamuuliza, "Mtu wa Pangani ameshapata dawa yake?" Akamjibu, "Amepata, tena tupu!" Mohsin akamtazama hivi. Kavuta kiti chake akaketi.

Na kuhusu hizo punje zako zinazotapika saa ya kwanza. Hayo mie nayajua, ndiyo tabia yangu mwenyewe, kuniambia siri ni kuitia kwenye kipaza sauti. Lakini kwa kaimati nitakwambia: moto mkali ndio mchawi. Nje inaiva haraka, inafanya vitundu, shira yote inakaa juu na mlaji anailamba mara ya kwanza tu. Punguza moto. Mwambie Profesa hivyo, kama hapigi picha nyingine.

Vidonge bado sijavipeleka kwa Devota. Nitavipeleka wiki ijayo. Barua inakuja na mwanafunzi wa Kibondei anayesoma huko huko kwenu.

Mwenye furaha,
Zeyana


Hyderabadi
18 Februari 2025

Shangazi,

Barua yako nimeipata leo adhuhuri. Nimekupigia simu ukanijibu kwamba Baba hajambo, amelala, na ukakata kabla sijamaliza. Baba amelala saa nane mchana tangu lini? Nimekwambia nilichoweza: vidonge arudishiwe, zile punje azitupe. Yaliyobaki siwezi kuyapigia kelele, nayaandika.

Tupu. Nimeandika tupu, Shangazi, kwa maana ya maabara. Kila tukitengeneza punje zenye dawa tunatengeneza na nyingine zisizo na dawa, za kulinganishia. Hizo tunaziita tupu. Debe tupu. Mfuko mtupu. Dawa hairuhusiwi kutoka nje ya maabara hata punje moja, ndiyo maana nilikutumia zisizo na kitu. Baba ametembea siku zote hizo na utomvu mkavu tumboni. Hautamdhuru, unatoka kama ulivyoingia. Ila kilichokuwa kikimlinda kimetolewa, na nimekitoa mimi kwa neno moja.

Ningeweza kuandika "hazina dawa". Maneno mawili. Sikuyaandika kwa sababu ya aibu: ungeniuliza zenye dawa ziko wapi, nami ningekujibu kwamba zinatapika zote, si nyingine tu. Kwenye vyombo vya glasi vya maabara zimenishinda miezi kumi na nne. Na hata zingenitii, mtu hazimezi kabla ya miaka mingi ya majaribio. Kitabu changu cha utafiti kikimalizika kitawekwa kabatini pamoja na vya wenzangu, na kabati hilo ufunguo wake umepotea.

Kuna baya zaidi. Kidonge cha dawa hiyohiyo kinachotoka polepole kipo. Kipo miaka mingi, kinauzwa madukani, asubuhi kimoja na jioni kimoja. Daku na futari, Shangazi. Nimekitaja mwenyewe ukurasa wa tatu wa utafiti wangu, ili nionyeshe kwamba punje zangu zitakishinda. Nilipopata barua yako ya kwanza nilitakiwa kukujibu mstari mmoja: mpelekeni Baba hospitali mkaulize. Nikakuandikia kaimati. Nilitaka Baba apone kwa mkono wangu mimi.

Hukuniambia kitu kwenye simu. Wewe, ambaye siri hukushinda chai ikiisha. Ndiyo maana naogopa. Niambie.

Afra


Ngamiani
10 Machi 2025

Mwanangu Afra,

Ramadhani karimu. Leo ni siku ya tisa na hali ya hewa imetuhurumia. Mke wa Luqmani anakusalimu. Jogoo mwoga amejifunza kuwika, lakini saa nne asubuhi. Kaimati zinakwisha kabla ya magharibi, mie mwenyewe nafuturu kwa tende na harufu.

Baba yako yu hai. Naliweka hilo hapa juu. Mengine nitakupa kwa mpango wako, punje baada ya punje, nawe usiruke mistari.

Hizo punje tupu nimezitia chooni siku ileile ulipopiga simu. Chupa nimebaki nayo, nzuri ya kuwekea iliki.

Ulipopiga simu baba yako alikuwa kweli amelala. Alikuwa amelala hospitali, siku ya saba. Nilikuwa nimeketi chini kando ya kitanda chake, na yeye amenishika ukosi wa baibui, ananong'ona, "Usimwambie. Atajua ni chupa yake." Mie nikamwapia kwa kukohoa, wewe usisikie. Ndiyo maana nilikata.

Alianguka Jumatano, tarehe kumi na mbili. Wapi, utauliza. Ndipo pagumu hapo, pumua kwanza.

Alianguka akiadhini adhuhuri. Kipaza sauti mkononi. Alikuwa amefika mahali pa kuwaita watu kwenye mafanikio, sauti ikakatika katikati ya neno. Kisha Ngamiani nzima, kuanzia barabara ya kwanza mpaka ya mwisho, wakasikia kishindo, na baada ya kishindo ile sauti ya koo uliyokuwa ukiizibia masikio ulipokuwa mdogo. Spika nne, Afra. Spika ambazo yeye mwenyewe aliwachangisha watu wazinunue, akisema adhana ifike mpaka kwa mlevi. Miaka thelathini ameificha, na siku moja imetoka yote. Punje zako zingeona haya.

Mie nilikuwa nakoroga unga. Nilikimbia na mkono mzima umejaa unga, nakimbia nalia nasema mtu wa Pangani, mtu wa Pangani, nisijue nasema nini. Nilipofika nikakuta mambo yamekwishafanywa. Maalim Wael alikuwa amezima spika, alizima kabla hata hajamgusa, anasema sitara huja kwanza. Na Mohsin wa baiskeli alikuwa amemlaza baba yako ubavu, amemwekea kilemba chake chini ya kichwa, amewafukuza watazamaji kwa pampu. Hakumtia kitu mdomoni, hakumwagia maji. Amekaa tu akimhesabia dakika kwenye saa. Nikamuuliza, "Mohsin, nani kakufundisha?" Akanijibu bila kuinua macho, "Dada Devota wa hospitali. Nilimwambia kuna mtu mmoja wa Pangani."

Nimekaa chini palepale.

Mwanangu, walikuwa wanajua. Wote. Muuza kahawa anajua. Maalim anajua, ndiyo maana siku ile ya mjadala aliangalia mkeka. Yule mzee wa magoti anajua, alijitia kuuliza magoti ili watu wacheke baba yako apumue. Mohsin anajua tangu mwaka wa kwanza alipofungua duka. Hayo magomvi ya kivuli, kumbe alikuwa akitafuta sababu ya kukaa mlangoni pa kibanda, kiti kikimwelekea baba yako, amwone akianza kutetemeka. Unalikumbuka lile benchi la chuma la mbele ya kibanda, lililotoweka? Tulimlaani mwizi mwaka mzima. Alilichukua Mohsin, kisa lina pembe zingempasua baba yako kichwa akianguka. Siku aliyosikia dawa imepatikana "tena tupu" hakuelewa, akazidisha kukaa.

Hospitali, Devota kanipokea. Mkatoliki, lakini siku hiyo nilimwona kama malaika aliyekosea mlango. Nikamwonyesha vidonge, maana sikuwa nimevipeleka kwake. Sijui nilivisahau au Mungu alinisahaulisha. Akauliza, "Mama Zeyana, huyu ndiye mnayemchukulia dawa miaka yote? Mbona hakuja mwenyewe?" Nikasema yuko Pangani. Akanitazama, akamtazama kitandani, akasema, "Basi Pangani karibu hivi?" Akamwita daktari. Daktari akauliza maswali dakika kumi, kijana mdogo, ana ndevu tatu, akaandika hicho hicho kidonge chako cha ukurasa wa tatu. Kipo. Kilikuwepo kabatini nyuma ya dirisha ninalosimama kila mwezi. "Hamkuuliza?" anasema. Daktari wangu, nani aulize? Hakukuwa na mgonjwa.

Sasa usijipige kifua peke yako. Wewe umeficha mstari mmoja, mie nimebeba jina la uongo mpaka dirishani, na baba yako kamweka mgonjwa ng'ambo ya mto miaka thelathini akiogopa kivuko kisije kikamleta. Tukigawana lawama kila mtu atashiba. Ila jambo moja nakuamuru kama shangazi: huo mchoro wenu, uanze saa ya kwanza. Mwambie Profesa fundi saa wa Ngamiani kasema saa isiyoonyesha ilipokosea haitengenezeki. Kasema kweli, nimemwandikia maneno yake. Na moto upunguze.

Daktari amemkataza kufunga mwaka huu mpaka dawa ikae. Ulidhani atakubali? Kuacha kufunga alikubali, kuonekana hakukubali. Siku ya kwanza ya Ramadhani alijifungia chumbani na kidonge chake na gilasi, anasema watu watamwona. Nikamwambia mlangoni, "Kaka, wameshakusikia kwa spika nne, unaogopa macho?" Nikasikia Mohsin anabisha hodi uani, amekuja na uji wa mgonjwa kwenye chombo, yeye mwenyewe amefunga, midomo imekauka. Hakutaja jina. Kaweka chombo chini, akasema kwa sauti ya kawaida kuelekea dirishani:

"Nimekuja kumjulia hali mtu wa Pangani."

Tukangoja. Kitasa kikalia. Baba yako akatoka na gilasi mkononi, akasimama katikati ya ua, palipo na jua, akameza kidonge mbele yetu, akafuta ndevu.

"Hayuko Pangani tena," akasema. "Amehamia Ngamiani. Lete huo uji, na ukitoka usikanyage kivuli changu."

Shangazi yako,
Zeyana